Jina moja, lakabu za wazi au lakabu za siri? Ulinganisho kwa mwandishi anayejichapishia

Mfikirie mwalimu wa sekondari ambaye mchana anaandaa miongozo ya tamthilia kwa watahiniwa wa kidato cha nne, usiku anaandika simulizi za mapenzi anazouza kwa sehemu kwenye WhatsApp, na sasa amemaliza kitabu chake cha kwanza cha watoto wa chekechea. Kazi zote tatu ni zake, na zote zina wanunuzi. Kinachomkwamisha ni jina la kuandika kwenye jalada la hicho kitabu cha tatu. Mzazi akilitafuta jina hilo Facebook jioni, atakutana na nini?

Waandishi wengi wa Kiswahili wanaojichapishia wenyewe wapo kwenye njia panda hiyo. Mtu huandika anachokipenda, huandika pia kinachouzika, na mara nyingi viwili hivyo havina msomaji mmoja. Njia zilizopo ni tatu.

Jina moja ni kuweka jina lako, la kuzaliwa au la uandishi, juu ya kila unachotoa. Lakabu za wazi ni kuwa na majina mawili au matatu, kila moja na aina yake ya vitabu, lakini husemi uongo: anayetaka kujua anaelezwa kwamba nyuma ya yote yupo mtu mmoja. Lakabu za siri ni kuyatenganisha majina hayo kabisa, kila moja na simu yake, ukurasa wake na wasomaji wake, bila uzi wowote wa kuyaunganisha.

Nimezilinganisha kwa vigezo vitano: msomaji anapata nini, fedha inapitaje, kazi ya kila wiki ni kiasi gani, hati na haki zinakaaje, na ukitaka kubadilisha baadaye unatokaje. Naweka uzito mkubwa kwenye fedha, kwa sababu katika soko letu jina halisi huonekana kwenye malipo kabla ya kuonekana mahali pengine popote.

## Msomaji

Jina moja lina nguvu kubwa kuliko wanavyodhani wengi. Kitabu cha Kiswahili cha kujichapishia hakiuzwi na duka. Kinauzwa na mtu. Msomaji humfuata mtunzi, humtumia ujumbe, humlipa, humsimulia dada yake. Ukitoa kitabu kipya kwa jina lilelile, wote hao wanakuja nacho. Upungufu unajitokeza pale vitabu vinapokuwa vya hadhira zinazogongana. Upelelezi na mapenzi vinaweza kukaa rafu moja bila shida. Hadithi za chekechea na simulizi za wakubwa haziwezi. Mtoto akikipenda kitabu, mzazi atatafuta kingine cha mtunzi huyohuyo, na Amazon nayo itamwonyesha vyote vilivyoandikwa kwa jina hilo bila kubagua.

Lakabu za wazi zinatatua hilo bila kumtupa msomaji wa zamani. Nora Roberts wa Marekani, aliyejulikana kwa riwaya za mapenzi, alianza mwaka 1995 kutoa mfululizo wa upelelezi kwa jina la J.D. Robb, na baadaye majina yote mawili yakawa yanakaa pamoja kwenye jalada. Msomaji anayetaka mapenzi anajua achukue lipi, na anayetaka mauaji vilevile. Kwetu jambo hili si geni hata kidogo. Washairi wa magazetini wamekuwa wakisaini kwa lakabu miaka mingi; Ustadh Andanenga alijulikana kama Sauti ya Kiza, na wasomaji waliijua lakabu na mwenye lakabu. Udhaifu wake ni kwamba kujulikana ni kujulikana. Mzazi mwenye msimamo mkali ataona majina yote mawili na anaweza kukataa yote mawili.

Lakabu za siri zinampa kila msomaji mtunzi aliye wake peke yake. Msomaji wa simulizi hapati tangazo la mwongozo wa tamthilia, na mzazi hajui chochote kuhusu simulizi. Gharama ni kuanza upya. Wafuasi elfu moja wa jina la kwanza hawakusaidii kwenye la pili, maana huwezi kuwaambia.

Hapa niseme jambo moja ninaloliamini kwa dhati. Kuwa na jina jingine ni haki ya mwandishi, lakini kulivika jina hilo sifa ambazo huna ni kumdhulumu msomaji. Ukiandika kitabu cha malezi au cha afya kwa jina la "daktari" ambaye hayupo, au ukitumia jina lako la pili kukisifia kitabu cha jina lako la kwanza, hilo si suala la lakabu tena. Amazon, kwa mfano, hairuhusu mwandishi kuandika maoni ya wateja juu ya kitabu chake mwenyewe kwa jina lolote lile.

## Fedha inapitaje

Tazama jinsi simulizi inavyouzwa. Kila sehemu inaanza na vichwa vilevile: SIMULIZI, MTUNZI, kisha MAWASILIANO na namba ya simu. Sehemu za mwanzo ni bure. Ikifika mahali mhusika amefungua mlango na kumkuta asiyemtarajia, panaandikwa ITAENDELEA, na anayetaka mpaka mwisho atume 2,000 kwenye namba ileile. Msomaji anaingiza namba kwenye M-Pesa, anaweka kiasi, na jina la aliyesajili laini linajitokeza kwenye skrini. Jalada linasema mtunzi ni fulani; simu inamtaja mwalimu wetu kwa jina lake halisi. Tanzania laini husajiliwa kwa alama za vidole na kitambulisho cha NIDA, kwa hiyo hakuna laini halali isiyo na jina la mtu. Kenya nako jina la mpokeaji huonekana.

Kwa mwenye jina moja, hili ni faida tupu. Jina la jaladani likifanana na la kwenye malipo, mnunuzi anatulia na hadhani anatapeliwa. Kama jina lako la uandishi ni tofauti na la kitambulisho, andika tu chini ya namba: "jina litakalotokea ni fulani".

Mwenye lakabu za wazi ana suluhisho zuri zaidi: jina la biashara. Ukilisajili BRELA, wakala wa usajili wa biashara, kwa Tanzania, au kupitia eCitizen kwa Kenya, unaweza kuomba Lipa Namba au namba ya Till inayoonyesha jina hilo la biashara badala ya lako. Chagua jina linalobeba kila kitu, mfano la nyumba ndogo ya uchapishaji, lisiloelekea upande wa watoto wala wa mapenzi. Namba moja inapokea malipo ya lakabu zote, na hesabu zako zinakaa sehemu moja.

Mwenye lakabu za siri ndiye mwenye mtihani, na wengi hawaoni kasoro iliyomo kwenye suluhisho hilohilo. Jina la biashara linaficha jina lako, lakini likitumika kwa lakabu zote mbili linakuwa ndilo uzi wa kuziunganisha. Msomaji aliyenunua mwongozo mwezi uliopita, akinunua simulizi leo na kuona jina lilelile la biashara, amemaliza kazi yote ya upelelezi bila kukusudia. Siri ya kweli inadai njia mbili za malipo zisizofanana. Tena daftari la majina ya biashara ni la umma, na anayelipia upekuzi anaweza kumwona mmiliki. Kwa hiyo jina la biashara linakukinga na msomaji wa kawaida. Halikukingi na mtu aliyedhamiria kukutafuta.

Mauzo ya Amazon ni rahisi zaidi kwa mwenye siri, mradi lugha ya kitabu imo kwenye orodha ya lugha zinazokubaliwa huko; usidhani Kiswahili kimo bila kuangalia. Kwenye KDP, huduma ya Amazon ya kujichapishia, unafungua akaunti moja tu kwa jina lako halisi, unajaza taarifa za kodi na za malipo kwa jina hilohilo, kisha kwenye kila kitabu unaandika jina la mwandishi unalotaka. Mnunuzi haoni jina la akaunti. Usifungue akaunti ya pili kwa ajili ya lakabu ya pili: masharti yao yanaruhusu akaunti moja kwa mtu mmoja, na wanaovunja hufungiwa zote. Ujue pia kuwa Tanzania na Kenya hazina mkataba wa kodi na Marekani, hivyo mrabaha wa mauzo ya Marekani hukatwa asilimia 30 kabla haujakufikia, uwe na jina moja au kumi.

Nyumbani pia, mlipakodi ni mmoja. TRA na KRA hawaijui lakabu. Mapato ya majina yote yanaingia chini ya TIN au PIN yako, na hapo pasiwe na siri.

## Kazi ya kila wiki

Kwa jina moja kazi ni ndogo: ukurasa mmoja, namba moja, kundi moja la wasomaji. Muda unaobaki unaandika.

Lakabu za wazi zinaongeza kazi kidogo, na nyingi ni ya mwanzoni. Mpe msanifu wa majalada maelekezo tofauti kwa kila jina, rangi na aina ya herufi, ili msomaji ayatambue kwa mbali. Facebook inakuruhusu kuendesha kurasa kadhaa kutoka akaunti moja, na hapa huhofii zikijulikana kuwa za mtu mmoja. Kosa la kutangaza kitabu cha jina hili kwenye ukurasa wa jina lile linarekebishika kwa kufuta na kuweka upya.

Kwa lakabu za siri, kosa hilohilo linamaliza kila kitu. WhatsApp inakubali akaunti mbili kwenye simu moja, lakini ningeshauri simu ya pili, hata ya bei ya chini, kwa sababu saa nne usiku, umechoka, akaunti mbili zenye rangi moja hazitofautiani. Halafu kuna milango midogo inayosahaulika:

- Truecaller, programu ya kutambua namba za simu, inaweza kumwonyesha mtu jina ambalo watu wanakujua nalo. Laini ya lakabu isiwe imewahi kutumika kwa ndugu au wanafunzi.
- Facebook ikiruhusiwa kusoma majina ya simuni, inaweza kuwapendekezea wenzako wa kazini akaunti ya lakabu, chini ya "watu unaoweza kuwafahamu". Ikatalie ruhusa hiyo.
- Faili la Word hubeba jina la mwenye kompyuta, na PDF inayotolewa humo hulirithi. Fungua sifa za faili, futa jina la mwandishi, ndipo utoe PDF. Hili linawaumbua watu wengi, maana PDF ya simulizi husafiri kundi hadi kundi na haifi.
- Namba iliyoandikwa kwenye MAWASILIANO haibadiliki tena. Sehemu ya kwanza uliyoirusha miaka mitatu iliyopita bado inasambazwa ikiwa na namba uliyoiweka siku ile.

Haidhuru umechagua njia gani yenye zaidi ya jina moja, kuwa na daftari la kila jina: barua pepe, namba ya simu, njia ya malipo, vitabu vilivyotoka, ISBN zake (namba za utambulisho wa vitabu), msanifu aliyetumika, na nani anajua. Hicho kipengele cha mwisho kiandike kwa majina kamili ya watu.

## Hati na haki

Waandishi wengi huogopa kwamba wakitumia jina la kubuni wanapoteza hakimiliki. Hawapotezi. Mkataba wa Berne, ambao Kenya ilijiunga nao mwaka 1993 na Tanzania mwaka 1994, unailinda kazi ya lakabu kama nyingine, na ulinzi hauhitaji usajili. Tofauti ipo kwenye muda na kwenye nani anayesimama mbele ya sheria.

Jina moja halina utata: wewe ndiye mwandishi, na ulinzi chini ya Berne ni uhai wako na angalau miaka 50 baada yako. Lakabu ya wazi, isiyoacha shaka ni ya nani, inahesabiwa vivyo hivyo. Lakabu ya siri inahesabiwa miaka 50 tangu kazi ilipotolewa kihalali kwa umma. Ukijitambulisha kabla ya miaka hiyo kwisha, unarudi kwenye hesabu ya uhai. Mtunzi wa miaka 25 mwenye lakabu ya siri anaweza basi kuishi kuliko ulinzi wa riwaya yake ya kwanza.

Mkataba huo una kipengele ambacho mwenye siri akishike sana. Kazi ikiwa ya lakabu isiyojulikana mwenyewe, mchapishaji ambaye jina lake limeandikwa kwenye kitabu ndiye anayechukuliwa kumwakilisha mwandishi, na anaweza kudai haki kwa niaba yake. Ndiyo maana jina la nyumba ya uchapishaji, hata kama nyumba yenyewe ni wewe na meza yako, lisikosekane kwenye ukurasa wa hakimiliki. PDF yako ikiibwa, nyumba ndiyo italalamika, na lakabu itabaki mahali pake.

ISBN huombwa Bodi ya Huduma za Maktaba kwa Tanzania na Huduma ya Maktaba ya Kitaifa kwa Kenya. Fomu inamtaka mchapishaji, kwa hiyo nyumba moja inaweza kuombea vitabu vya majina yote. Lakini mwenye siri akumbuke kuwa tarakimu za mchapishaji zinakaa ndani ya ISBN yenyewe, baada ya tarakimu za nchi, kama 9987 au 9976 za Tanzania na 9966 za Kenya. Vitabu viwili vyenye tarakimu zilezile za mchapishaji vimetoka nyumba moja. Ni wachache wanaoangalia, ila wapo.

Tena siri kubwa zimevuja kwa hati na kwa watu. Mwaka 1985 ilijulikana kuwa mtunzi aliyejiita Richard Bachman ni Stephen King, mwandishi maarufu wa Marekani, baada ya mfanyakazi wa duka la vitabu jijini Washington kupekua usajili wa hakimiliki kwenye Maktaba ya Bunge la Marekani na kukuta mmoja una jina la King. Mwaka 2013 J.K. Rowling, mtunzi wa Harry Potter, alifichuliwa kuwa ndiye Robert Galbraith miezi mitatu tu baada ya kitabu kutoka: wakili wa kampuni iliyomhudumia alimwambia rafiki wa mke wake. Hao walikuwa na mawakili na wachapishaji wakubwa. Wewe una msanifu wa jalada, mpiga chapa, na shemeji anayekusaidia kupeleka vitabu stendi.

## Ukitaka kubadilisha

Kutoka kwenye jina moja ni rahisi. Siku yoyote unaongeza la pili. Usichoweza ni kuviondoa vitabu vya zamani kwenye jina hilo, kwa kuwa nakala zimeshauzwa. Lakabu za wazi zinaunganika na kutengana bila vurugu: unaweza kuipumzisha moja, au kuchapisha toleo jipya kwa jina kuu. Lakabu ya siri inafunguliwa mara moja tu. Ikishajulikana haifungiki tena.

Kuna kutoka kwa namna nyingine, ambako hatupendi kukuzungumzia. Mwandishi akifariki, warithi wa jina moja wanajua wadai nini. Warithi wa lakabu ya siri wanaweza wasijue hata kama kuna kitabu. Akaunti ya KDP inaendelea kuingiza fedha zisizo na mchukuaji, na riwaya zinaibwa bila mlalamikaji. Mwenye lakabu ya siri na aandike waraka unaotaja majina yake yote, vitabu vyote na mahali fedha zinapoingia, aukabidhi kwa mtu mmoja au auweke pamoja na wosia.

## Kwa hali yako

Kama vitabu vyako vinaweza kusomwa na mtu mmoja bila kushtuka, hata kama ni vya aina mbili au tatu, na muda wako wa kuandika ni saa chache baada ya kazi, jina moja litakufaa zaidi. Tumia jalada kutofautisha aina.

Kama una hadhira zinazogongana lakini hakuna anayekutisha, yaani unachotaka ni mzazi asikosee rafu, lakabu za wazi zinatosha. Nawaona wengi wakikimbilia siri hapa bila haja. Mzazi mwenyewe akijua, ataelewa, mradi jalada la chekechea halimpeleki mtoto kwenye simulizi za wakubwa.

Kama mwajiri wako, familia au jamii yako inaweza kukuadhibu kwa unachoandika, siri ni ulinzi halali na gharama yake inalipika. Soma kwanza kanuni za maadili za kazi yako, kwa sababu lakabu haibatilishi mkataba wa ajira. Tenganisha malipo kabla ya kutenganisha kitu kingine chochote, uza kupitia KDP kama lugha ya kitabu chako inakubaliwa huko, au kupitia mtu unayemwamini mwenye namba yake, na usirushe sehemu ya kwanza mpaka laini mpya iwe mkononi. Ikiwa unachoandika kinataja watu halisi na tuhuma, ujue kuwa sheria ya kashfa na sheria za makosa ya mtandao, ya Tanzania ya 2015 na ya Kenya ya 2018, zinamfuata mwandishi mwenyewe, na laini iliyosajiliwa kwa alama za vidole humfikia haraka.

Kama tayari una lakabu ya siri iliyokwisha kuvuja nusu, wanajua wenzako watatu na binamu, chagua wewe siku ya kuigeuza kuwa ya wazi. Waandikie wasomaji wa majina yote mawili ujumbe mfupi siku moja, kabla hawajasikia kwa wengine.

Na kama kitabu cha kwanza bado kipo kwenye daftari, anza na jina moja la uandishi, lakini sajili jina la biashara lisilofanana nalo, omba Lipa Namba au Till kwa jina hilo, na tenga laini ya vitabu ambayo ndugu zako hawana. Ukiwa na hivyo vitatu, kesho unaweza kwenda njia yoyote kati ya hizi bila kubomoa ulichojenga.